Safu ya Mbele ya Krauni

Gaudensi alikwenda kuchukua kiti. Hilo tu. Hakwenda kutafuta makubwa, na kama ungekutana naye jioni ile akitoka mtaani kwake Katandala, spana mfukoni na tochi ya betri mbili mkononi, ungemwona mtu mwenye furaha aliyokatazwa kuionyesha.

Mkewe, Fransiska, alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilifika salama, watoto wakazaliwa, na wote wawili hawakuiona jioni ya siku waliyozaliwa. Safari hii hawakumwambia mtu. Fransiska alifunga kanga mbili juu ya sweta, na baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba ikamsaidia kuficha. Kwa wazee wao mtoto hahesabiwi mpaka kitovu kidondoke. Kabla ya hapo hatajwi, hashonewi nguo, hachongewi kitanda. Na Gaudensi alikuwa seremala. Kwa miezi minane mikono ilimwasha.

Kiti, alijiambia, si cha mtoto. Ni cha mama. Mgongo ulikuwa ukimuuma Fransiska, na kigoda hakina pa kuegemea. Mtu akitaka jambo hakosi maneno ya kujiridhisha nafsi, na Gaudensi aliyapata mapema.

Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya Krauni.

Hilo lilikuwa jumba la sinema. Alilijenga Ratanji, mwenye duka la nguo, zamani za Mwingereza: orofa mbili, taji la saruji juu ya mlango, roshani ya wakubwa, na viti mia tatu vya mahameli nyekundu, vile vya kujikunja, ambavyo ukiinuka kikalio nacho kinainuka nyuma yako. Watu walipanda kutoka Wampembe, ziwani, siku mbili njiani, waje kuona picha zinazotembea. Mwaka wa sabini na moja likataifishwa, likaitwa Ukumbi wa Umoja, zikachezwa humo ngoma na michezo ya kuigiza, na hotuba ndefu zikasomwa. Watu waliendelea kusema Krauni. Halafu zikaja siku za ruksa. Televisheni zikapandishwa kutoka Tunduma kwenye malori ya mitumba, vibanda vya video vikaota kila uchochoro, na vijana hawakuona sababu ya kukaa kwenye baridi wakingoja mkanda uliokatika uungwe. Mwaka wa tisini na nne Krauni likauzwa. Aliyelinunua ni Loth, mfanyabiashara wa mahindi, na alichotaka ni ghala.

Loth ndiye aliyempa Gaudensi kazi ya kung'oa viti. Ilichukua wiki mbili. Makanisa yakabeba vingine, baa zikabeba vilivyobaki. Mchana wa siku hiyo ilikuwa imesalia safu moja tu, ya mbele kabisa, viti kumi na viwili.

"Hivi vizuri," Loth alisema, akipapasa mahameli. "Mbona kama vipya?"

"Hata mimi nimeshangaa, mzee. Vyote vingine vilichanika."

"Basi chagua kimoja uende nacho. Vingine vitoke kesho asubuhi, mahindi yanaingia."

Gaudensi alitaka kukifungua pale pale, lakini Loth alimvuta wakapime mlango wa nyuma, na huko wakachelewa. Akaenda nyumbani kula kidogo, akamkuta Fransiska ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho kayafumba kwa maumivu. Akachukua tochi.

Ndiyo maana alifika Krauni saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshazama nyuma ya milima na upepo ukipiga mabati.

Watu wa mbali wakilisikia jina la Sumbawanga, mji huu, huanza kutazamana na kunong'ona uchawi. Wenyeji huwacheka. Gaudensi alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, na hakuwa mtu wa kuogopa giza la jengo alilokuwa akifanya kazi ndani yake wiki mbili. Aliingia akipiga mluzi.

Mluzi ulikoma wenyewe.

Kulikuwa na harufu. Si ya mchana. Mchana jumba lilinuka vumbi na kinyesi cha popo. Sasa kulinuka udongo uliochimbwa sasa hivi… na makaa. Makaa ya moto mkubwa, kama ya mfua chuma.

Akapita katikati ya sakafu tupu, akiruka mashimo ya bolti. Tochi ikaifikia safu ya mbele. Mchana vikalio vyote kumi na viwili vilikuwa vimejikunja juu, yeye mwenyewe alivipangusa. Sasa vilikuwa vimeshuka.

Akavihesabu, kwa sababu fundi huhesabu hata asipotaka. Kumi na kimoja vimeshuka. Cha mwisho, cha kumi na mbili, peke yake kilikuwa juu.

Alijiambia ni springi zimelegea. Akapiga goti penye kile cha mwisho, maana cha pembeni ni rahisi kufungua, akashika mguu wa kiti kwa mkono wa kushoto, akaweka tochi sakafuni, akatoa spana. Bolti ya kwanza ililia.

Pa… pa… pa…

Makofi. Ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, sauti yake nzito na ya upole.

Hapa lazima nikueleze, usije ukamwona mjinga. Mfipa aliyelelewa vizuri hamsalimu mkubwa kwa mdomo tu. Huinama, hukutanisha viganja, hupiga hivyo hivyo, polepole, na anayesalimiwa hujibu vivyo hivyo. Kutojibu ni kumtukana mtu. Gaudensi alifundishwa hilo kabla hajajua kuvaa suruali. Mikono ilijibu kabla kichwa hakijauliza ni nani.

Akaachia spana. Akainama. Pa… pa… pa…

"Mmeshindaje?" Sauti ilitoka karibu. Ya mzee. Ilisema Kifipa cha zamani, kile alichokisikia mara ya mwisho kwa bibi yake.

"Tumeshinda salama."

"Mko wangapi nyumbani?"

Nalo ni swali la kawaida. Huulizwa kila siku, hujibiwa kila siku.

"Tuko wawili."

Upepo ulikuwa umeacha kupiga mabati.

"Wawili tu?"

Miezi minane. Miezi minane hakumwambia mama yake, hakumwambia padri, hakumwambia rafiki wa kunywa naye. Na hapa ni mzee anauliza kwa upole, gizani, ambapo mtu haonekani anavyotabasamu. Furaha ikamponyoka.

"Tuna mgeni njiani," Gaudensi alisema.

Safu nzima ikapumua. Alisikia. Si mtu mmoja aliyepumua.

"Tumefurahi," sauti ikasema. "Akifika, mlete atusalimie. Hicho ulichoshika ni chake."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi kwenye mguu wa kiti cha kumi na mbili. Hakukumbuka kuurudisha.

Akaokota tochi, akamulika.

Hapakuwa na mtu.

Kisha kikalio cha kwanza kikajikunja juu. Kwa! Cha pili. Kwa! Cha tatu. Kimoja baada ya kingine, kuja upande wake, hivyo hivyo watu wanavyoinuka kumpisha mgeni apite akakae.

Gaudensi alikimbia. Spana aliiacha.

Nyuma ya Krauni palikuwa na nyumba ndogo ya matofali, na mlangoni alisimama Bibi Kristiana, shali kichwani. Watu wote wa mjini walimjua. Ndiye aliyekuwa akionyesha watu viti kwa tochi tangu Krauni lilipofunguliwa, na jumba lilipokufa hakuhama. Alimtazama Gaudensi akija mbio, hakuonekana kushangaa.

"Walikusalimu," alisema.

"Bibi… kina nani wale?"

"Ulijibu?"

"Nilijibu."

"Ukaaga?"

Akatikisa kichwa. Bibi Kristiana akamvuta ndani, akamkalisha karibu na jiko, akafunga mlango kwa komeo.

"Ratanji alipochimba msingi," akaanza, sauti chini, "walikuta tanuru la chuma la wazee wa kale. Kando yake, watu. Kumi na mmoja. Hawakulazwa, mwanangu. Walizikwa wameketi, mstari mmoja, wote wanatazama upande mmoja. Ratanji alitaka kuacha, wazee wa hapa wakamwambia jenga, ila usiwaondoe, na usiwape mgongo. Akajenga juu yao. Jukwaa akaliweka kule wanakotazama. Safu ya mbele haikuuzwa tiketi hata siku moja, hata jumba lijae watu wakae sakafuni. Kila jioni kabla ya taa kuzimwa, kazi yangu ilikuwa kwenda mbele, kuinama, kupiga makofi. Basi. Picha ikianza, vikalio vya mbele vilishuka vyenyewe. Waliokuwa roshani walidhani ni watoto wanacheza."

"Viti ni kumi na viwili."

"Nilimuuliza Ratanji hilo. Aliniambia wazee walisema aache na nafasi ya mgeni."

Gaudensi akaweka uso kwenye viganja. Akamweleza yote, mimba, miezi minane, neno lililomponyoka. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu ambayo hajawahi kuijua, hofu ya mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa ndani.

Bibi Kristiana aligeukia jiko. Alipozungumza, hakumtazama.

"Mimi waliniuliza mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kuna kijana tulikuwa tumekubaliana aje nyumbani kutoa posa. Wakaniuliza, mko wangapi? Nikaona haya kumtaja. Nikajibu, niko peke yangu." Akakoroga makaa kwa kijiti. "Na ndivyo ilivyokuwa, mpaka leo."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Ningejua ningejifanyia."

Kesho yake Gaudensi alikataa kugusa safu ya mbele. Loth alileta mafundi wengine wawili, bolti hazikuzunguka. Akaleta mtu wa gesi ya kukatia vyuma, moto ukazima kila alipouwasha. Loth hakuwa mtu wa kubishana na vyuma wakati bei ya mahindi inapanda. Akapanga magunia ukumbi mzima, akaiacha ile safu mbele ikitazama jukwaa, na njia nyembamba ya kuifikia.

Mwezi wa nane Fransiska akajifungua. Mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu mpaka wakunga wakacheka. Jioni ya kwanza ikafika, ikapita. Ya pili ikapita. Fransiska alikuwa akimhesabu vidole kila baada ya kunyonyesha, na Gaudensi alikwenda nyuma ya nyumba kulia peke yake kwa furaha. Wakamwita Kalista.

Siku ya saba kitovu kikadondoka.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili na nusu, mtoto akaacha kunyonya katikati. Akageuza uso ukutani, upande wa Krauni. Akawa wa baridi. Alipumua kwa shida, pumzi moja, kisha kimya… kisha moja tena. Wakamkimbiza hospitali wamemfunga mablanketi. Ilipofika saa tatu akapata joto, akalia njaa. Daktari hakuona ugonjwa.

Siku ya nane vilevile, na kimya cha kati ya pumzi kikawa kirefu zaidi.

Siku ya tisa, mchana, Gaudensi akamwambia mkewe. Alitegemea kupigwa. Alitegemea kufukuzwa. Fransiska alimsikiliza mpaka mwisho, akimtikisa mtoto magotini.

"Uliwaambia utamleta?"

"Wao ndio walisema. Mimi nilikimbia."

"Wanangoja, basi." Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Watoto wawili nimezika, Gaudensi. Huyu simziki huku nikijua mlango wa kugonga. Mpeleke. Ulichokianza kwa mdomo kamalize kwa miguu."

"Na wakimchukua?"

"Hapa wanamchukua kidogo kidogo. Nenda uwasalimu kama mtu mwenye adabu."

Loth alimpa ufunguo bila kuuliza. Gaudensi akaingia jua likizama, mtoto kifuani ndani ya sweta lake, akapita katikati ya kuta za magunia. Harufu ya mahindi ilimfuata mpaka nusu ya ukumbi. Baada ya hapo, udongo. Makaa.

Vikalio kumi na kimoja vilikuwa vimeshuka.

Hakuwasha tochi. Akapiga magoti mbele ya safu, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Wakajibu, wote kwa pamoja, taratibu. Vumbi la sakafu lilitikisika chini ya magoti yake.

"Nimemleta," akasema. Ilibidi aseme mara mbili, ya kwanza haikutoka.

Akamfungua mtoto. Kalista alikuwa wa baridi, macho wazi. Mikono yake, ambayo tangu azaliwe ilikuwa ngumi mbili ndogo, ikafunguka. Viganja vikakutana. Havikutoa sauti yoyote, vilikutana tu, vikaachana, vikakutana tena. Mtoto wa siku tisa.

Pa… pa… pa… wakamjibu.

Kiti cha kumi na mbili kikaanza kushuka. Polepole mno, maana aliyekikalia hakuwa na uzito.

Gaudensi akatazama mikononi mwake. Mtoto alikuwapo. Amelala, amepata joto, anapumua vizuri, pumzi baada ya pumzi. Akamkumbatia mpaka akahofia kumuumiza.

"Tunaaga," alisema. Safari hii hakusahau.

"Nenda salama," ile sauti ya mzee ikajibu. "Yeye atakuwa akija na kurudi."

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Kalista amenona. Mchana hucheka, hushika pua ya baba yake, hushika kipande cha mbao laini na kukitia mdomoni. Hakuna mtoto mwenye afya kama yeye Katandala nzima. Bibi Kristiana alikuja kumwona mara moja, akamtazama, akambusu paji la uso, na hakurudi tena.

Lakini ikifika saa kumi na mbili na nusu, Kalista hulala. Popote alipo, hata akiwa ananyonya, hata akiwa katikati ya kicheko. Ni usingizi ambao hakuna awezaye kumwamsha. Wamejaribu maji, wamejaribu kelele, wamemfinya wakalia wao. Hupumua vizuri, ana joto, hana neno. Ila ukimbeba ni mwepesi kuliko alivyokuwa mchana. Saa tatu, muda ambao zamani picha ilikuwa ikimalizika Krauni, hufungua macho na kutabasamu, na nywele zake hunuka makaa.

Juzi jioni jirani yao Cornelia alipita kuomba moto. Alikuta wameketi kimya kila mtu upande wake wa kitanda, mtoto katikati katika usingizi wake ule. Akainama mlangoni, akapiga makofi matatu ya adabu. Gaudensi aliruka. Fransiska ndiye aliyejibu salamu.

"Mmeshindaje, jirani?"

"Tumeshinda salama."

"Mko wangapi?" Cornelia aliuliza, kama watu wanavyouliza.

Fransiska alimtazama mtoto. Akamfunika vizuri shingoni. Nje upepo ulikuwa umetulia kabisa.

"Saa hizi," alisema, "tuko wawili."